Wawili Meksiko kwa siku 15: jiji, makaburi yenye mishumaa, kisha bahari

Ratiba hii imepangwa kinyumenyume. Kwanza uliwekwa usiku mmoja wa Sikukuu ya Wafu (*Día de Muertos*), ule wa Oktoba 31 kwenye makaburi ya kando ya mji wa Oaxaca, ndipo siku nyingine zikapangwa kuuzunguka. Wanaoanza na ufuko hufika kwenye sikukuu wamechoka na jua, vyumba vimekwisha, na wanalipa mara mbili. Jiji litangulie, sikukuu ikae katikati, bahari iwe ya mwisho.

Kabla ya kuondoka

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji visa ya Meksiko, na ubalozi wao uko Nairobi. Ila mwenye visa hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen, au mwenye ukaazi wa kudumu huko, huingia bila visa ya Meksiko kwa muda usiozidi siku 180. Kila mmoja awe na ya kwake, kwa sababu visa ya mume haimbebi mke. Kupitia Marekani, hata kama ni kubadilisha ndege tu, kunadai visa ya Marekani. Njia ya Istanbul haina usumbufu huo.

Chumba cha Oaxaca kilipiwe mapema, miezi mitano au sita kabla, hata kabla ya tiketi ya ndege. Wakati wa kuagiza, someni maneno vizuri: *doble* si chumba cha watu wawili kitanda kimoja, ni chumba chenye vitanda viwili. Mnachotaka ninyi huitwa *matrimonial*, na kitanda chake kina upana wa sentimita 135 hivi. Mkiwa na miili mikubwa, ulizeni *king size*.

Umeme ni volti 127 na plagi ni za pini mbili bapa. Chaja za simu hazina shida. Pasi ya nywele ya volti 230 itapata joto la kuvunja moyo, basi iacheni nyumbani.

Oktoba 25, Jiji la Meksiko

Afisa wa uhamiaji akigonga muhuri, angalieni siku alizoandika kabla ya kuondoka dirishani. Akiandika chache kuliko safari yenu, ni hapo hapo pa kumwomba arekebishe. Kutoka uwanja wa Benito Juárez hadi katikati ya jiji kuna Metrobús laini ya 4, basi la njia yake kama mwendokasi wa Dar. Mkifika usiku na mizigo, nunueni tiketi ya teksi kwenye vibanda vya ndani, wala msimfuate anayewaita mlangoni.

Jiji liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea Nairobi atahisi kidogo, aliyetoka Mombasa au Dar ngazi moja tu itamkata pumzi. Siku ya kwanza iwe ya supu, maji mengi na kulala mapema, kwa sababu mko saa 9 nyuma ya Afrika Mashariki na mwili utaamka usiku wa manane. Maji ya bomba hayanywewi. Wenyeji wenyewe hununua mtungi wa lita 20 uitwao *garrafón*. Karatasi ya chooni hutupwa kwenye ndoo pembeni, kwani mabomba ya majengo mengi huziba.

ATM itawauliza kama mnakubali kiwango chake cha kubadilisha fedha. Kataeni. Pesa zitatoka vilevile, na kiwango kitakuwa cha benki yenu, ambacho kwa kawaida ni nafuu zaidi.

Oktoba 26

Kadi moja ya usafiri inawatosha wawili. Gusa, mwenzako apite, gusa tena. Metro ni peso 5 kwa safari, hata mkivuka jiji zima. Lakini saa za msongamano mabehewa ya mbele ni ya wanawake na watoto tu, na polisi husimama kwenye jukwaa kuelekeza watu. Mke akipanda mbele na mume nyuma, kubalianeni kabla kituo cha kushukia na mahali pa kukutania, kwa mfano chini ya saa ya jukwaani. Mkitaka kukaa pamoja, nendeni moja kwa moja nyuma ya treni.

Leo ni Zócalo, uwanja mkuu wa jiji, na Templo Mayor. Hekalu hili la Waazteki lilikuwa chini ya nyumba za watu mpaka 1978, mafundi wa umeme walipochimba na kukuta jiwe kubwa la mviringo la mungu wa kike Coyolxauhqui. Tazameni na kanisa kuu la jirani, sakafu yake imeinama. Jiji lilijengwa juu ya ziwa Texcoco, maji ya chini yanavutwa kila siku, udongo unashikana na majengo yanazama, kila moja kwa mwendo wake.

King'ora kirefu cha kupanda na kushuka kikilia barabarani, hiyo ni tahadhari ya tetemeko. Tokeni nje mkiwa karibu na mlango, msipande lifti, na tafuteni alama ya kijani ya *punto de reunión*, mahali pa kukusanyika.

Oktoba 27, Teotihuacan

Panda metro hadi Autobuses del Norte, ingia stendi, geuka kushoto hadi mwisho kabisa, Puerta 8. Semeni "Pirámides". Mkisema San Juan Teotihuacán mtashushwa mjini, si kwenye magofu, na ndilo kosa la kila siku pale. Ni kama saa moja. Fikeni saa 3 asubuhi geti linapokuwa limefunguliwa karibuni, kwa sababu Barabara ya Wafu ina urefu wa kilomita kadhaa bila mti wa kivuli, na jua la mwinuko huu linachoma hata kukiwa na ubaridi. Piramidi ya Jua, mita 65, imekatazwa kupandwa tangu 2020. Kofia, maji lita moja na nusu kila mtu, na viatu vya kamba.

Oktoba 28

Museo Nacional de Antropología inataka saa nne, na watu wawili wenye haraka tofauti watagombana humo. Chagueni vyumba vitatu: Teotihuacan, Mexica (yaani Waazteki) na Oaxaca. Jumatatu imefungwa, Templo Mayor pia, basi kama mojawapo ya siku hizi ni Jumatatu, ibadilisheni na ya Teotihuacan.

Jioni, Xochimilco. Mashua za rangi, *trajineras*, hulipiwa chombo kizima kwa saa, si kichwa. Bei ya serikali imebandikwa gatini. Wawili watalipa sawa na watu kumi na watano, kwa hiyo saa moja inatosha, au ungeni na kikundi kabla ya kupanda.

Oktoba 29, Puebla

Mabasi ya ADO hutoka stendi ya TAPO, metro San Lázaro, na safari ni saa mbili. Kaeni upande wa kulia: asubuhi isiyo na mawingu mtaona Iztaccíhuatl na Popocatépetl, milima miwili ambayo hadithi ya Kinahuatl inasema ni wapenzi, Iztaccíhuatl, mwanamke, amelala na mwenzake amebaki macho akifuka moshi. Moshi ni wa kweli, Popocatépetl ni volkano hai. Vaeni sweta ndani ya basi, kiyoyozi hakipunguzwi hata mkiomba.

Puebla ni jimbo linaloongoza kwa kulima *cempasúchil*, ua la rangi ya chungwa lililoiva ambalo sikukuu nzima imesimama juu yake. Wiki hii malori yaliyojaa maua hayo yatawapita barabarani. Kuleni *mole poblano*, mchuzi mzito wa pilipili na viungo, mara moja, chakula cha mchana. Usiku ni mzito mno.

Oktoba 30, kwenda Oaxaca

Kutoka CAPU, stendi ya Puebla, ni saa nne na nusu hadi tano. Tiketi za tarehe hii zinunuliwe wiki kadhaa kabla, mchague viti viwili vya pamoja kwenye mchoro wa basi, la sivyo mtakaa mmoja mbele mmoja nyuma. Someni saa kwa makini: 15:00 kwenye tiketi ni saa 9 alasiri yetu. Mwenye mazoea ya saa ya Kiswahili akisoma 9:00 haraka haraka, atakosa basi la saa 3 asubuhi.

Oaxaca iko mita 1,555, kifua kinapumua vizuri zaidi.

Oktoba 31

Asubuhi ni soko. Mercado 20 de Noviembre ina ujia wa moshi ambako nyama huchomwa juu ya mkaa: unachagua *tasajo*, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, unapima kwa kilo (nusu kilo inawatosha wawili), kisha vitunguu, pilipili na tortilla unalipia kwa wauzaji wengine. Kila mmoja ana bili yake, hilo si utapeli. Kwa Waislamu, tahadhari ni mafuta ya nguruwe. *Asiento* hupakwa kwenye tlayuda, na *manteca* hutiwa kwenye maharage. Semeni mapema, "sin asiento, sin manteca, sin puerco", kabla mama hajaweka mkono kwenye bakuli.

Tlayuda yenyewe ni tortilla kubwa kama sinia, kavu, inayovunjika. Nyuma yake kuna mahindi yaliyochemshwa na chokaa, yakalala usiku kucha, asubuhi maganda yakasuguliwa na kuoshwa. Shikeni punje moja sokoni: imevimba, inateleza, inanuka kama ukuta mpya uliopakwa chokaa. Chokaa hiyo ndiyo inayofungua vitamini ya niasini iliyofungika ndani ya mahindi. Zao lilipovuka bahari kwenda Ulaya na Afrika, ujuzi huu haukupanda jahazi, na watu walioishi kwa mahindi peke yake wakapata pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Atole mtakayonywa asubuhi ni uji wa mahindi hayohayo, na mtaujua kwa ulimi wa kwanza.

Barabara ya Mina ina vinu vya chokoleti. Unachagua kakao, lozi, mdalasini na sukari, wanasaga mbele yako, inatoka moto kama rojo. Nunueni na mkate wa *pan de yema* wenye kisura kidogo kilichopakwa rangi, kimechomekwa juu. Panzi wa kukaanga, *chapulines*, wana limau na kitunguu saumu. Mla senene wa Bukoba au Masaka hatahitaji kushawishiwa.

Mchana laleni. Kweli, laleni.

Usiku ni Santa Cruz Xoxocotlán, kama kilomita 5 kusini ya mji, au Santa María Atzompa, upande wa kaskazini-magharibi. Chagueni moja. Wanaotaka zote mbili hutumia usiku kwenye foleni ya magari. Xoxo ina makaburi mawili, ya zamani yenye magofu ya kanisa na mapya yaliyo makubwa. Ya zamani yana utulivu zaidi. Dereva wa kuwarudisha apatikane mchana, bei ikubaliwe, na mahali pa kukutana pawe mtaa wa pili au wa tatu, kwa kuwa njia ya mbele hufungwa. Mtandao huzidiwa na watu, simu hazishiki. Wekeni alama moja, mti au duka, kwamba mkipotezana mtakutana hapo kila saa kamili. Chukueni jaketi, usiku unashuka hadi nyuzi 12 hivi, na sarafu za peso 5 na 10 kwa vyoo.

Ndani, familia zimekuja tangu alasiri na ndoo za maji. Jiwe la kaburi limesuguliwa kwa brashi, majani makavu yamekusanywa, kisha udongo umetandazwa maua yaliyonyofolewa petali moja moja mpaka ardhi haionekani. Mshumaa unachomekwa baada ya kuyeyusha kidogo kitako chake, ukisimama kwenye nta yake mwenyewe. Bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, kikombe cha chokoleti mkononi na kingine, kilichojaa, kimewekwa juu ya kaburi. Hapo moshi unapita chini kwa chini. Ni kopal, utomvu wa mti unaofukizwa kwenye chetezo kama ubani. Neno hilo ni la Kinahuatl, *copalli*, na ndilo jina ambalo wafanyabiashara wa Marekani na Ulaya waliipa sandarusi waliyonunua Zanzibar katika karne ya 19.

Hii ni ziara ya wenyewe kwa wafu wao. Nunueni mishumaa miwili na shada la maua nje ya geti. Ndani kuna makaburi yasiyo na mtu wala maua, na kuwasha mshumaa pale kunapokelewa kwa heshima. Msiruke kaburi, msikanyage petali, msipige picha na mwanga. Mnaotaka picha ya mtu, salimieni kwanza, ulizeni "¿me permite?", na mkikataliwa semeni asante. Mkikaribishwa kukaa, kaeni. Kupokea kikombe na kuuliza jina la marehemu ni adabu kubwa kuliko pesa.

Novemba 1

Asubuhi ya watoto waliokufa, *angelitos*. Madhabahu za nyumbani zina maji kwa kiu ya njia ndefu, chumvi, mkate, picha, na tao la miwa na maua kama mlango. Mtaa hadi mtaa kuna *comparsas*, bendi za tarumbeta na watu waliojificha nyuso. Usiku, San Agustín Etla hufanya *muerteada*, tamthilia ya mtaani inayozunguka nyumba hadi alfajiri, wavaaji wakiwa na mamia ya kengele na vioo vilivyoshonwa mwilini. Ni ya kelele na kusukumana. Mkeo au mumeo akichoka saa 8 usiku hakuna teksi, kwa hiyo nendeni na gari lililokodishwa kwenda na kurudi, au msiende.

Novemba 2 na 3

Ya kwanza ni ya wakubwa, na nyumba nyingi hula pamoja mchana. Migahawa midogo hufungwa. Ya pili: Monte Albán asubuhi, kilomita 9 tu, mji wa Wazapoteki ulioanza karibu mwaka 500 kabla ya Kristo. Mchana Teotitlán del Valle kwa mazulia. Mfumaji atawaponda wadudu wa *cochinilla*, wanaofugwa kwenye dungusi, kiganjani: wekundu wa damu. Tone la limau linaugeuza kuwa rangi ya chungwa, bikaboneti inaugeuza kuwa zambarau. Kabla ya kulipa, ombeni uzi mmoja uchomwe. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuwa majivu, uzi wa plastiki huyeyuka kuwa kidonge kigumu.

Novemba 4, kushuka baharini

Barabara mpya ya Barranca Larga hadi Ventanilla ilifunguliwa 2024, na safari iliyokuwa ya saa sita au zaidi za kona imekuwa ya saa tatu hivi kwa gari dogo la abiria. Hakikisheni dereva anapita huko, kwa kuwa bado wapo wanaopita milimani. Mkijikuta njia ya zamani, mezeni dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla. Mambo mawili huvuruga: maporomoko baada ya mvua, na *bloqueo*, wananchi kufunga barabara kudai haki yao. Inaweza kuchukua saa mbili au siku nzima. Ndiyo maana hakuna ndege inayowekwa siku moja na safari ya barabara.

Novemba 5, Puerto Escondido

Zicatela ni ufuko wa kutazama. Wimbi lake linavunjikia karibu na mchanga kwa nguvu, na mkondo wa kurudi unavuta hata aliyesimama maji ya kiunoni. Anayejua kuogelea Nungwi au Diani asijidanganye, pale mwamba wa matumbawe umemkinga na hapa hakuna mwamba. Mkibebwa, msipigane na mkondo: ogeleeni sambamba na ufuko mpaka mtoke ndani yake, ndipo mrudi. Kuogelea ni Carrizalillo, ghuba ndogo chini ya ngazi zaidi ya 150. Bendera nyekundu haina mjadala.

Jioni, ufuko wa Bacocho, vifaranga vya kasa huachiwa waende baharini. Unapewa kimoja kwenye kifuu, si mkononi, maana losheni ya jua inawadhuru. Mweke mchangani mita chache kutoka majini na umwache atambae mwenyewe.

Novemba 6, Chacahua

Siku hii msiiruke. Magharibi inaanza Costa Chica, pwani ya Wameksiko wenye asili ya Afrika. Katiba iliwatambua mwaka 2019, na sensa ya 2020 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 2.5. Vicente Guerrero, rais aliyefuta utumwa mwaka 1829, alikuwa na damu hiyo. Basi hadi Río Grande, gari la pamoja hadi Zapotalito, kisha boti kupita mikoko. Mtakula *tichinda*, kome wadogo wa mikokoni, na mtakunywa maji ya ukwaju, ambao kwao huitwa *tamarindo* na asili yake ni Afrika. Boti ya mwisho ya pamoja huondoka mapema alasiri. Ulizeni saa yake mnaposhuka, kabla ya kuagiza chakula. Mkiikosa mtalipia boti zima.

Novemba 7, Mazunte

Kijiji hiki kiliishi kwa kuchinja kasa hadi marufuku ya 1990, na kituo cha kasa kilichopo sasa kilifunguliwa 1994. Machweo ni Punta Cometa, nusu saa kwa miguu. Chukueni tochi ya kurudia. Atakayewauzia mayai ya kasa kwa siri, mkatae, ni kosa la jinai.

Novemba 8

Ndege kutoka Puerto Escondido hadi Jiji la Meksiko. Zulia likunjwe, lisipigwe pasi. *Mole* ni rojo, na wakaguzi wa uwanja wa ndege huihesabu kama kimiminika: ikiwa kwenye mkoba wa mkononi itabaki mezani kwao. Ifungeni mifuko mitatu, iingie begi kubwa katikati ya nguo. Chokoleti ndiyo ikae mkononi, kwa sababu sehemu ya mizigo uwanjani ina joto, na ikiyeyuka inaganda upya ikiwa na weupe juu.